Siri Ilipita Kwa Waya

Wasee, chipu zilizo ndani ya kompyuta huwa zinaongea siku nzima. Na kwa miaka mingi, waliozitengeneza walichukulia kwamba hakuna mtu wa kuzisikiliza.

Rudi 2001. Microsoft wametoa Xbox ya kwanza. Ndani ya chipu moja wamezika programu ndogo sana, baiti 512 tu, pamoja na ufunguo wa siri. Hiyo ndiyo inawasha mashine na kukataa programu ambazo hawajaziidhinisha. Kwenye memori ya nje, mahali kila mtu angesoma kwanza, kulikuwa na kodi nyingine isiyofanya kazi. Waliojaribu nayo walizungushwa tu.

Andrew Huang, anayejulikana kama bunnie, alikuwa akisomea PhD pale MIT. (Mimi hata digrii ya kwanza niliiacha njiani, lakini huyu jamaa namuelewa.) Alijiuliza: kama siri iko chipu hii na prosesa iko pale, si lazima ipite njiani? Njia yenyewe ilikuwa waya za HyperTransport, zimechorwa waziwazi kwenye madabodi, chache kuliko zile za memori. Akatengeneza kibao chake kidogo, akakichomelea hapo, akasikiliza. Siri ilikuwa inapita uchi, bila kufichwa hata kidogo. Mei 2002 akaanika jinsi alivyofanya. Alipoandika kitabu, mchapishaji akaogopa sheria akajitoa, kwa hivyo 2003 bunnie akakitoa mwenyewe.

Ungedhani somo limeingia. Wapi! Februari 2024, jamaa wa YouTube anayeitwa stacksmashing alichukua laptopu ya zamani ya Lenovo iliyofungwa na BitLocker, ya Microsoft hao hao. Ufunguo unalindwa na chipu ya TPM, na ukiwasha mashine unatumwa kwa prosesa kupitia waya, uchi vilevile. Raspberry Pi Pico ya chini ya dola 10 iliunasa kwa sekunde 43.

Laptopu nyingi mpya zina TPM ndani ya prosesa yenyewe, kwa hivyo hizo waya hazipo. Lakini sisi tunanunua ex-UK, manze, zile za ofisi za zamani, na nyingi bado zina chipu ya pembeni. Ikiibiwa na CV zako, picha zako na kazi za wateja, aliyenayo anaweza kujaribu mbinu hiyo hiyo. Kama uko na Windows Pro, wekea BitLocker PIN ya kuwashia: TPM haitoi ufunguo mpaka uiandike. Haiji ikiwa imewekwa. Inabidi uitafute mwenyewe kwenye Group Policy.