Sayari Iliyosakwa Bure

Usiku wa Septemba 23, 1846, Johann Galle alielekeza darubini ya Berlin mahali alipoelekezwa kwa barua, na usiku uleule akaiona sayari mpya. Barua ilitoka kwa Mfaransa Urbain Le Verrier. Kwa kuwa Uranus ilikuwa ikienda kombo kidogo, alipiga hesabu akajua kuna kitu kinaivuta. Kitu hicho kilikuwa Neptuni.

Utaridi nayo ilikuwa na ukombo wake. Mwaka 1859 Le Verrier alitumia dawa ileile: lazima kuna kitu kingine karibu na Jua. Sayari hiyo ya kukisia ikapewa jina, Vulcan, ikasakwa kwa miongo kadhaa, hasa Jua lilipopatwa. Wasakaji waliambulia patupu. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba hapakuwa na sayari iliyojificha. Kanuni ya Newton ya mvutano ndiyo iliyopungukiwa.

Baadaye galaksi nazo zikaleta kesi hiyohiyo. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aligundua kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda mbio mno. Mvutano wa nyota zinazoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima mzunguko wa Andromeda, wakakuta kasi haipungui pembezoni kama ilivyotarajiwa. Wengi walishika njia ya Neptuni: kuna mada ya giza, haionekani lakini inavuta.

Mordehai Milgrom wa Israeli akashika njia ya Utaridi. Mwaka 1983 alipendekeza kwamba mvutano ukidhoofika hadi takriban sehemu moja ya bilioni 80 ya ule unaoangusha embe mtini, kanuni yenyewe hubadilika. Pendekezo lake, MOND, lilieleza vizuri mizunguko ya galaksi nyingi. Kwenye makundi ya galaksi, hesabu hazikutimia.

Mwaka 2004 Jacob Bekenstein aliioanisha MOND na fikra za Einstein katika nadharia ya TeVeS. Kisha, Agosti 17, 2017, mawimbi ya mvutano yaliifikia Dunia kutoka kwenye mgongano wa nyota mbili za nyutroni, umbali wa miaka nuru milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye ikafika miali ya gama. Kwa hesabu za TeVeS, wasafiri hao wawili walipaswa kupishana kwa muda mrefu zaidi.

TeVeS ikaanguka. Mwaka 2021, huko Prague, Constantinos Skordis na Tom Złośnik walichapisha nadharia nyingine ya ukoo wa MOND, na ndani yake mawimbi ya mvutano huenda sambamba na mwanga.