Muulize Mdudu

CBC ilipoingia madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, wazazi walilia sana mitandaoni. Leo mtoto ametumwa mbegu, kesho majani, keshokutwa makopo. Wengi wetu tuliichukulia kama kitu kilichowasili juzi na ndege. Wapi! Sayansi ya kushika na kutazama ilishafundishwa hapa hapa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na ikapimwa.

Katikati ya miaka ya 1960, nchi kadhaa zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Nigeria, ziliingia mradi mmoja wa sayansi kwa shule za msingi. Pesa zilitoka Marekani, lakini walimu wa Kiafrika walikaa meza moja na wanasayansi wakaandika vijitabu. Maabara hazikuhitajika. Vifaa vilikuwa mchanga, chupa, mbu, mbegu.

Kijitabu ninachokipenda mimi kinaitwa Ask the Ant Lion. Mdudu mwenyewe unamjua hata kama hujui jina lake. Ni yule anayechimba kishimo cha mviringo kwenye vumbi laini, pembeni mwa nyumba ambapo mvua haifiki, halafu anajizika chini akisubiri sisimizi ateleze. Sisimizi akijaribu kupanda, anarushiwa mchanga. Yeye ni buu tu. Akikomaa hupata mabawa, ukimwona unaweza kudhani ni kereng'ende.

Sasa, mtoto akiuliza huyu anakula nini, mwalimu hajibu. Anamwambia: muulize mwenyewe. Unamuulizaje mdudu? Unamwekea sisimizi, kisha chembe ya ugali, kisha kipande cha jani, unatazama. Anatembeaje? Mweke juu ya karatasi: anarudi kinyumenyume. Je, mchanga ukilowa? Ukiwa wa chembe kubwa? Wakiwekwa wawili kopo moja? Jos Elstgeest, aliyefanya kazi hii Tanzania, aliona kwamba swali la "kwa nini" humwacha mtoto akimkodolea mwalimu macho, lakini swali la "itakuwaje nikifanya hivi" mdudu hulijibu papo hapo.

Halafu kukaja suala la kupima. Eleanor Duckworth, Mkanada aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget kule Geneva, aliombwa atathmini mradi huu hapa Kenya. Angeweza kutunga karatasi ya maswali, amalize. Badala yake alijaza chumba vitu vya kila aina, akaingiza watoto, akawaambia wafanye watakavyo. Waangalizi wakakaa kando wakiandika. Ukilinganisha na madarasa ambayo hayakuupitia mradi, watoto waliokuwa ndani yake walibuni mambo mengi zaidi, na magumu zaidi.

Kwa hivyo ilifaulu. Mbona basi sisi hatukuiona? Nchi ilikuwa na nafasi chache za sekondari na mtihani mmoja wa kuzigawa. Mwaka 1985 tukapata 8-4-4 na KCPE: A, B, C au D. Hakuna herufi ya mtoto aliyegundua kwamba mdudu wake hachimbi mchanga uliolowa. Mimi siwalaumu walimu. Ukiwa na watoto 60 na mtihani Novemba, utachora panzi ubaoni, uweke mishale, mkariri muende nyumbani.

Panzi huyo wa ubaoni ndiye aliyenifikisha chuo kikuu. Nilisoma zuolojia miaka miwili kabla karo haijanishinda, na karibu wadudu wote niliokutana nao huko walikuwa wamechomwa pini.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu, Gredi ya Nne, alipewa kazi ya wadudu. Mamake akaenda saiba kuchapisha picha, ya rangi, bei juu kidogo. Niliwasindikiza. Kwenye vumbi la ukuta wa saiba hiyo, chini ya bati, nilihesabu vishimo kumi na kimoja.