Bei ya Kupinga Hapana: Rufaa za Kugawa Ardhi Kenya

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza mpango wa kilimo uliopewa jina la afisa aliyeuandika, Roger Swynnerton. Mkulima wa Kiafrika alipaswa kuwa na shamba moja lenye mipaka na hatimiliki, badala ya vipande vilivyotapakaa miteremkoni. Lakini maafisa waliingiwa na hofu: shamba likishaunganishwa, mzee atawagawia wanawe, na katika kizazi kimoja vipande vitarudi palepale. Hivyo kugawa shamba kukahitaji ruhusa. Baada ya uhuru, hofu hiyo ya kikoloni iliingia katika Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, inayotumika hadi leo.

Kwa sheria hiyo, anayetaka kukata shamba la kilimo vipande viwili hupeleka ombi kwa bodi ya ardhi ya eneo lake. Bila kibali cha bodi, mapatano yake na mnunuzi ni batili. Akikataliwa, aliwekewa ngazi mbili za rufaa: bodi ya mkoa, halafu bodi kuu, walimoketi mawaziri. Walichoamua mawaziri kilikuwa cha mwisho, na hakuna mahakama iliyoruhusiwa kukihoji. Mkulima hakulazimika kumlipa wakili wa kumfikisha Mahakama Kuu, kwa kuwa mlango huo ulifungwa. Alicholipa ni nauli, siku za kazi zilizopotea, na unyonge wa kusimama mbele ya watu ambao serikali yao ndiyo iliyomkatalia. Hiyo ni gharama, hata kama haikuandikiwa risiti.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nairobi ilikuwa na sheria ya mipango miji tangu 1931 na mpango mkuu tangu 1948, na ndani yake ardhi iligawanywa kwa rangi za watu. Muthaiga na Karen zilipata viwanja vikubwa. Kaloleni na Ziwani zilikuwa nyumba za baraza la manispaa, zilizopangishwa kwa wafanyakazi Waafrika. Mpangaji wa Kaloleni hakuwa na kiwanja cha kugawa, kwa hiyo hakuwa na uamuzi wa kukatia rufaa. Ni jambo linalosahaulika kila watu wanapobishana juu ya ada: kwa wakazi wengi wa jiji, kilichokosekana kwanza ni ardhi yenyewe.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 1996, iliyoanza kutumika 1998, ilitangaza wazi kwamba kugawa ardhi ni uendelezaji unaohitaji idhini ya mamlaka ya mtaa. Ramani ya mgawo ilipaswa kuchorwa na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, kwa hiyo mwenye ploti alianza kutoa pesa kabla hajakataliwa. Aliyekataliwa alikuwa na siku 60 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mtaa, kisha kamati ya taifa, kisha Mahakama Kuu. Kamati zilikusudiwa kuwa njia ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba kamati isiyoketi haigharimu serikali chochote, ilhali anayeisubiri analipa riba ya mkopo kila mwezi.

Wala hawezi kuiruka. Mwaka 1992, katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya James Njenga Karume, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba pale sheria ilipoweka utaratibu wa kutafuta haki, utaratibu huo ufuatwe. Majaji wa ardhi wameitumia kanuni hiyo mara nyingi kuwarudisha watu kwenye kamati. Anayerudishwa amekwisha kulipia ada ya kesi na wakili, na huenda akabebeshwa pia gharama za mpinzani, kwani katika mahakama za Kenya kwa kawaida aliyeshindwa hulipa.

Katiba ya 2010 ilihamishia mipango kwa kaunti, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaundwa. Sheria mpya ya mipango ya 2019 ikapunguza muda: siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, na siku 14 za kamati kuamua. Kasi hiyo ilipendeza kwenye karatasi. Lakini wiki mbili ni muda mfupi mno kwa mtu wa kijijini kupata nakala ya uamuzi, kumtafuta serveya, kuandika hoja na kuchangisha pesa kwa ndugu. Kampuni ya nyumba yenye mawakili wake haihangaiki hivyo.

Sheria hiyohiyo ilimpa jirani naye nafasi. Mtu mwenye maslahi anaweza kupinga idhini aliyopewa mwingine, jambo zuri kwa mtaa ambao bomba la majitaka halitoshi nyumba zilizopo, sembuse ploti mpya nane. Kwa upande wa kaunti, kipo kifungu chenye meno: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa amekubaliwa.