Jina la Njia na Kumbukumbu ya Mlinzi wa Usalama: Mfano wa Lamu

Makala hii yakusudia kuchunguza swali moja: je, yafaa kipande cha barabara ya Lamu kupewa jina la askari aliyeuawa kazini?

Kenya inao mfano ulio karibu. Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa na mashifta tarehe 28 Juni 1963, pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wabera hakuwa polisi, lakini usalama wa wilaya ulikuwa dhamana yake. Nairobi ikampa mtaa. Hata hivyo, jina lisilo na maelezo hugeuka kuwa anwani tu. Mpita njia hulitamka asijue kwamba ni jina la marehemu, wala haulizi yule chifu amekumbukwa wapi.

Desturi ya Waamu ni nyingine. Njia kuu ya mji waliiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Mkomani na Langoni ni majina ya pande za mji. Aliyestahili kukumbukwa alikumbukwa kwa msikiti, kama Mwana Mshamu na Mwenye Alawi. Majina ya Harambee na Kenyatta yaliletwa na serikali baada ya uhuru.

Bara ya Lamu, mambo yamegeuka. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na yale ya Pandanguo ya Julai 2017 ambamo polisi waliuawa, majina ya mahali yenyewe yamekuwa tanzia. Atajaye Pandanguo hutaja msiba. Lakini waliokufa hawatajwi. Hapo ndipo penye upungufu.

Kwa hiyo naona kwamba askari apewe kipande cha barabara, kwa masharti mawili. Kwanza, jina la zamani la mahali lisifutwe, maana nalo ni historia. Pili, pawekwe kibao cha Kiswahili kielezacho ni nani, alifia wapi na lini. Tena haki haigawanyiki: vita vya mashifta vilivyomuua Wabera ndivyo vilivyowahamisha Wabajuni kutoka vijiji vya bara kama Mvundeni na Rubu. Tukimwandika askari tukawasahau wanakijiji, tutakuwa tumehifadhi nusu ya kumbukumbu.