Picha za Njiani: Kutoka Kaze Hadi Simu ya Mkononi

Ukitaja Ng'ambo, watu wa Unguja wanawaza kuvuka Darajani. Ng'ambo yetu leo ni ya Tabora, mji uliokuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wageni waliuandika kwa jina la Kaze.

Mwaka 1860 James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na John Hanning Speke, akiwa na kamera. Alipiga picha mjini. Lakini kamera ya wakati ule ilikuwa mzigo: vioo, dawa, na chumba cha giza. Anayepigwa ilibidi atulie tuli. Mama anayetwanga angetokea ukungu mtupu. Safari ya bara ilipoanza, Grant akaiacha kamera, akachora kwa mkono. Walifika Kaze Januari 1861, na maisha ya njia ile tunayaona kwa michoro yake.

Visiwani, studio zilikuja baadaye. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe. Watu walivaa, wakakaa, wakapigwa. Oza alitoka pia mitaani na kamera yake.

Sisi mafundi cherehani tunazitegemea picha hizo. Mteja akituletea picha ya harusi ya mama yake, mkono na shingo ya gauni tunavipata. Gauni lilivyoanguka akitembea, hatulijui. Ndiyo maana tunapenda picha ya ghafla: shangazi akifunga kanga, mama akicheka jikoni.

Lakini kamera ile nzito ilikuwa na jambo lake: ilikuwa vigumu kupigwa bila kujua. Leo simu haimsubiri mtu. Bibi harusi wetu mmoja alipigwa akishuka garini, mtandio umeteleza. Kabla ya Isha picha ilikuwa imeshazunguka mtaani. Alilia usiku wa furaha yake, nasi tuliomshonea tukalia naye.

Basi, mpenzi, chagua mpiga picha mwanamke. Mwambie mapema nini apige na nini aache. Wageni waombwe kuweka simu mikobani. Na wewe ukimpiga mtu njiani, muoneshe, akikataa, futa. Kumbukumbu ni nzuri, lakini sitara ya mwenzio ni amana.

Allah atusitiri sote, duniani na akhera. Amin.