Mkono wa Mkongwe (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Jumamosi usiku, 26 Oktoba 1991, Kirby Puckett aliupiga mpira ukaishia jukwaani katika raundi ya 11, akaiokoa Minnesota Twins. Fainali ya besiboli ya Marekani ikawa tatu kwa tatu dhidi ya Atlanta Braves. Ikabaki mechi moja tu, na mrushaji wa Twins ni Jack Morris, mwana wa St. Paul.

SASA ENDELEA...

Siku tatu. Hizo ndizo alizopumzika Morris tangu arushe mechi ya nne kule Atlanta. Enzi hizo kwa kawaida mrushaji alipewa nne, maana kila mpira anaourusha kwa nguvu huvuta kano za bega na kiwiko kuliko zilivyoumbwa kuvumilia, nazo hudai muda wao. Isitoshe, Morris alikuwa na miaka 36, umri ambao warushaji wengi wameshatundika glavu.

Ila hesabu hiyo ya siku inadanganya. Mkono ule ulikuwa umeandaliwa Detroit kwa misimu 14, tangu 1977. Katika miaka ya 1980 ulishinda mechi 162, na hakuna mrushaji mwingine wa ligi kuu aliyefika hapo. Huko Detroit ndiko alikoukomaza mpira wake wa sumu, ule unaobanwa kati ya vidole viwili vilivyopanuliwa: unakwenda sawasawa mita 18 na ushee, mpigaji anaandaa gongo, halafu mbele ya pua yake unadondoka kama embe lililokatika kikonyo. Watu hupenda kuuliza mchezaji alikula nini asubuhi ya fainali, alilala saa ngapi. Mimi maswali hayo huyapita. Asubuhi ya fainali hakuna cha kuandaa tena. Kilichokuwamo ndicho kitakachotoka.

Upande wa pili alisimama John Smoltz, kijana wa miaka 24. Alikulia Michigan akiishabikia Detroit, na huyuhuyu Morris alikuwa mmoja wa mashujaa wake wa utotoni. Detroit walimsajili, kisha mwaka 1987 wakamtoa kwa Atlanta kabla hajawarushia hata mpira mmoja katika ligi kuu. Sasa mwanafunzi alikuwa anashindana na mwalimu asiyewahi kumfundisha.

Uwanja ni Metrodome, Minneapolis. Watu 55,118 chini ya paa la kitambaa cheupe lililobebwa na hewa ya mashine, kelele zao hazina pa kutokea. Raundi ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu, ya nne, vilevile. Katika ya tano Atlanta waliweka wakimbiaji beisi ya kwanza na ya tatu, na hapo Terry Pendleton akaupiga mpira juu bure ukadakwa, Ron Gant akabaki ameduwaa straiki ya tatu ikimpita. Morris alishuka kwenye kichuguu chake akirusha ngumi hewani.

Raundi ya nane ikaanza. Ubao bado unasoma sifuri kwa sifuri.

Lonnie Smith akafika beisi ya kwanza. Akaja Pendleton tena. Morris aliporusha, Smith alikuwa ameshachomoka mbio kuelekea ya pili, kichwa mbele, hakugeuka kutazama. Nyuma yake mlio wa gongo ukasikika: mpira ukapaa kati ya kushoto na katikati, ukaenda kuangukia karibu na ukuta. Kwa mkimbiaji mwenye kasi ya Smith, hiyo ilikuwa pointi, na usiku kama ule pointi moja ingeweza kuwa kombe.

Lakini pale beisi ya pili Chuck Knoblauch wa Twins, chipukizi wa msimu wa kwanza, akajifanya anaokota mpira chini na kumpasia Greg Gagne. Hawakuwa na mpira wowote! Smith akapunguza mwendo, akasimama, akaangaza huku na huku. Mwenyewe alishikilia baadaye kwamba hakudanganyika na igizo lile, ila mpira ulimpotea machoni. Vyovyote vile, aliposhtuka alikuwa amechelewa. Akaishia ya tatu, Pendleton ya pili. Na hakuna aliyetolewa hata mmoja.

Hapa ndipo mkono hupimwa. Mkimbiaji wa beisi ya tatu akivuka kwa namna yoyote, hata kwa mpira mrefu uliodakwa, Atlanta wanaongoza. Morris amesema tangu hapo kwamba hajawahi kuutaka ushindi kama usiku ule. Akamkabili Gant. Gant akaupiga dhaifu chini, Kent Hrbek wa Twins akauokota na kukanyaga mwenyewe beisi ya kwanza. Mmoja nje. Smith hakuthubutu kutoka ya tatu.

Kocha Tom Kelly akatoka, akatembea hadi kwenye kichuguu. Uamuzi: David Justice, mpigaji hatari, apewe beisi ya kwanza bure kwa makusudi. Beisi zote tatu zikajaa. Ni kamari ya kutisha, ingawa ina mantiki yake: beisi zikijaa, kila mkimbiaji analazimika kukimbia, na mpira mmoja wa chini unaweza kutoa wawili. Mpira mmoja mbaya nao unaweza kuzika msimu mzima.

Akaingia Sid Bream, mpigaji wa mkono wa kushoto, mwenye magoti yaliyokwishapitiwa na kisu cha daktari. Morris akapandisha mguu, akarusha.

Bream akaupata. Mpira ukagonga chini kwa kishindo, moja kwa moja kumwelekea Hrbek. Beisi ya tatu, Smith alikuwa ameshaondoka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO