Kamera ya ndani au ya nje? Jinsi ya kuchagua CCTV inayofaa nyumba na duka lako

Mwizi ameingia saa nane usiku. Kamera ilikuwa inawaka na video ipo, lakini kinachoonekana ni kofia na kivuli tu. Hakuna sura ya kupeleka polisi.

Hali hii huwakuta watu wengi waliotumia pesa zao kufunga CCTV. Mara nyingi kamera yenyewe ni nzima, ila aina iliyochaguliwa haikufaa mahali ilipofungwa. Kamera ya sebuleni imewekwa getini, au ya getini imewekwa juu ya kaunta ya duka. Kabla hujamlipa fundi, yajue haya.

Aina nne utakazokutana nazo dukani

Kamera ya risasi, ambayo mafundi huiita buleti: Ni ndefu kama bomba fupi na inaelekea upande mmoja. Inafaa nje, kwenye ukuta, geti na uchochoro. Kofia yake ya mbele huzuia mvua na jua. Faida nyingine ni kwamba mtu akiiona tu anajua anatazamwa. Ubaya wake ni kuwa ni rahisi kuidaka na kuigeuza kama imefungwa chini.

Kamera ya kuba: Ni ya duara, imefunikwa na kifuniko cha kioo au plastiki. Mtu hawezi kujua kwa urahisi inaangalia wapi, na si rahisi kuigeuza kwa mkono. Inakaa vizuri kwenye dari ya duka, ofisi au korido. Ikifungwa nje, matone ya mvua, vumbi na utando wa buibui kwenye kifuniko huharibu picha, hasa usiku.

Kamera ya tureti: Inafanana na ya kuba lakini haina kifuniko, lenzi yake iko wazi kama jicho. Usiku picha yake huwa safi zaidi kwa sababu mwanga wake haugongi kifuniko na kurudi kwenye lenzi. Inafaa barazani, kwenye gereji na hata ndani.

Kamera inayozunguka: Ile kubwa ya PTZ huzunguka na kuvuta picha karibu, na inafaa uwanja au yadi yenye mtu wa kuiongoza. Ile ndogo ya Wi-Fi inayokaa juu ya meza au rafu ni ya ndani. Kumbuka jambo moja: ikiwa imegeukia kushoto, ya kulia haiyaoni. Kwa geti ambalo lazima lionekane muda wote, kamera isiyozunguka ni salama zaidi.

Nje: angalia namba za IP na IK

Kwenye boksi la kamera tafuta maandishi kama IP66 au IP67. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji: 6 inastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu, na 7 inastahimili kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwa mvua za masika, IP66 inatosha. Kama boksi halina namba yoyote ya IP, ichukulie kuwa ni ya ndani.

IK10 inaonyesha uwezo wa kuhimili kugongwa. Ni muhimu pale ambapo kamera inafikiwa na mkono au jiwe, kwa mfano mlango wa duka linalotazama barabara.

Wanaokaa karibu na bahari, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, wana adui mwingine: chumvi. Hewa ya bahari hula skrubu na vishikizo vya chuma. Chagua skrubu zisizoshika kutu, na maungio yote ya waya yakae ndani ya kiboksi kisichopitisha maji. Kamera nyingi za nje hufa kwa sababu maji yameingia kwenye maungio, huku kamera yenyewe ikiwa haina tatizo.

Ndani: tatizo kubwa ni mwanga wa mlangoni

Duka la kawaida lina mlango mpana ulio wazi mchana kutwa. Kamera ikitazama mlango kutoka ndani, jua la nje linafanya kila anayeingia aonekane mweusi kama kivuli. Hapo tafuta kamera yenye WDR, uwezo wa kusawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza. Au ifunge pembeni ili isitazamane na mlango uso kwa uso.

Wengine huweka kamera ya ndani dirishani ili itazame nje. Mchana itaonyesha, lakini usiku taa zake za infraredi zitagonga kioo na kurudi, na picha itakuwa nyeupe tupu. Hiyo njia ya mkato haifai.

Megapikseli nyingi hazitoshi, uliza lenzi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Kipimo kinachotumika kimataifa kwa kumtambua mtu usiyemjua ni pikseli 250 kwa kila mita ya eneo linaloonekana. Gawanya 1920 kwa 250, unapata mita 7.7. Yaani kamera hiyo ikiwa inaonyesha eneo pana kuliko hapo, sura inaanza kupotea.

Lenzi ya milimita 2.8 huona eneo pana sana, takriban nyuzi 100. Kwa upana huo, sura inatambulika vizuri hadi kama mita 3 tu. Lenzi ya milimita 6 huona nyuzi 50 hivi, lakini sura inatambulika hadi kama mita 8.

Kwa hiyo, ndani ya chumba au duka dogo chukua 2.8. Kwa geti au njia ndefu chukua 4 au 6. Kama unataka kuona uwanja wote na pia sura ya anayeingia, hizo ni kazi mbili na zinahitaji kamera mbili.

Urefu nao una maana. Ukiifunga kamera mita 5 juu, utapata picha nzuri za kofia na vipara. Kwa sura, mita 2.5 hadi 3 ndiyo sehemu nzuri: mtu haifikii kirahisi na uso bado unaonekana.

Usiku: nyeusi na nyeupe au rangi?

Kamera nyingi hutumia infraredi na kutoa picha isiyo na rangi. Nyingine zina taa nyeupe inayowaka mtu akipita, hivyo utajua kama shati lilikuwa jekundu au la kijani. Kwa nje aina hii inasaidia, na mwanga wenyewe humtisha mwizi. Chumbani kwa mtoto, infraredi ni bora kwa sababu haimwamshi.

Umeme, waya na bando

Kamera za waya ndizo za kuaminika zaidi kwa nje. Zile za mtandao zinazopokea umeme na data kwenye waya mmoja hufanya kazi hadi mita 100. Za Wi-Fi ni rahisi kufunga, ila ukuta wa tofali huipunguza nguvu ya mtandao. Kabla ya kutoboa ukuta, simama pale unapotaka kuifunga na upime mtandao kwa simu yako.

Za sola na betri zinafaa shambani au kwenye nyumba isiyo na umeme. Nyingi hulala na kuamka zikihisi mtu, kwa hiyo sekunde za mwanzo zinaweza kukosekana.

Za laini ya simu hula bando. Kuangalia moja kwa moja kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban MB 450 kwa saa.

Umeme ukikatika bila UPS, kamera za waya na za Wi-Fi zote huzimika. UPS ndogo iwekwe kwenye kinasio na ruta pia, siyo kwenye kamera peke yake.

Video itakaa siku ngapi?

Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza karibu GB 22 kwa siku. Memori kadi ya GB 64 itabeba siku 3 hivi, kisha inafuta za zamani. Kamera nne kwenye kinasio chenye TB 1 zitapata kama siku 11. Ukisafiri wiki mbili, hiyo haitoshi.

Kinasio kisikae juu ya TV. Mwizi akikibeba, ameondoka na ushahidi wote. Kifungie kwenye kabati au chumba kingine.

Usijilinde kwa kuwadhuru wengine

Badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyohiyo. Mwaka 2016, programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vingi vya mtandaoni duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Fundi akimaliza kazi, weka nenosiri lako mwenyewe asilolijua.

Kuna pia sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Bafuni na chumba anacholala dada wa kazi si mahali pa kamera, hata kama nyumba ni yako. Yeye na wafanyakazi wa dukani waambiwe kamera ziko wapi. Ya nje itazame geti lako, isitazame dirisha la jirani.

Kabla fundi hajaondoka

Mwambie mtu apite getini usiku, taa zikiwa katika hali ya kawaida. Fungua video kwenye simu, isimamishe na uikuze. Kama humtambui mtu unayemfahamu, mgeni hutamtambua kabisa. Sogeza kamera au badilisha lenzi fundi akiwa bado yupo.